Maelezo ya Ketaki, Matoleo Yote

Moreshwar Lavate ameandika vitabu vya maelekezo ya pampu za maji kwa muda mrefu kuliko pampu zenyewe zinavyodumu, na sisemi hivyo kuzitusi pampu. Mimi naitwa Vrinda, na meza yangu iko jirani na yake, kule Bhosari, upande wa viwanda wa Pune. Kampuni siitaji jina kwa sababu bado ndiyo inayonilisha.

Lavate ni mtu mrefu, mwembamba, shati limechomekwa sawasawa, asiyeinua sauti hata akikanyagwa. Ukimpa kadi ya harusi, kwanza anaisahihisha, halafu ndipo anafurahi. Hekalu la Ganesh la mtaani kwetu liliwahi kuweka ubao wa kuvua viatu upande wa kutokea badala ya wa kuingilia. Watu waliucheka miaka nenda miaka rudi. Lavate akawaandikia kamati, kwa heshima, na mchoro akaambatisha. Ubao ukahamishwa, na Mungu hakusema kitu.

Zamani pale kazini tulikuwa na kitabu kimoja cha mkulima, kingine cha majumba ya ghorofa, na kingine cha pampu za kupeleka ng'ambo. Ukibadilisha skrubu moja unafungua vitabu vitatu, unasahau kimoja, na mkulima wa Solapur anakesha akitafuta skrubu ambayo haipo. Hatimaye kampuni ikanunua programu mpya ya kuandikia, na Lavate akapewa kazi ya kuweka lebo.

Jambo lenyewe ni rahisi, ingawa mafunzo yake yaliwalaza wengi usingizi. Unaandika kitabu kimoja tu. Sentensi ya mkulima unaipa lebo ya kijani, ya ghorofa ya bluu, ya ng'ambo ya rangi ya machungwa. Isiyo na lebo inatoka kwa wote. Siku ya kutoa kitabu unaiambia programu, leo nataka cha mkulima, nayo inaficha mengine yote, na mkulima hatajua kamwe kwamba kuna watu duniani pampu yao iko chini ya lifti. Usipoiambia kitu, inatoa kila kilichomo, rangi na yote.

Palikuwa na lebo ya nne, ya kijivu, iliyoitwa Ndani. Hiyo haikuwa ya msomaji yeyote. Kila ulipomficha msomaji jambo, ilikupasa uandike kwa kijivu umeficha nini na kwa nini, ili atakayeshika kazi baada yako asidhani umesahau. Sheria hii aliitunga Lavate mwenyewe. Sisi wengine tuliandika "imeachwa" tukaenda kunywa chai. Yeye aliandika sababu kwa ukamilifu, kama mtu aliyesimama mahakamani.

Sasa, Lavate ana binti mmoja, Ketaki, daktari wa wanyama. Ana kliniki karibu na soko la Mandai, na paka wangu anamheshimu kuliko anavyoniheshimu mimi. Ketaki aliwahi kuchumbiwa. Kadi zilikwisha kugawiwa, ukumbi umekwisha kushikwa, ndipo watu wa upande wa mwanamume wakasema kwamba bibi harusi wao hatashika mbwa wa watu. Ketaki akawarudishia pete na sari yao. Mama yake, Sulabha, alilia wiki nzima. Lavate hakusema neno. Alichukua orodha ya wageni, akampigia simu kila mmoja kumwambia asije, kwa sauti ile ile ya kumwelekeza mtu namna ya kubadili valvu.

Tangu hapo Sulabha alikuwa anamtafutia mume upya, na mtu yeyote aliyewahi kuoza binti Pune anajua kazi hiyo inaanza na karatasi: jina, nyota, urefu, masomo, ukoo, chakula, tabia. Familia moja inataka msichana asiyekula hata yai. Nyingine inataka mwenye mshahara. Nyingine iko New Jersey na inataka paspoti. Sulabha akawa anaandika karatasi mpya kwa kila mlango, kwenye simu, kwa kidole gumba, mpaka mwenyewe akapotea ndani yake.

Adhuhuri moja nilipita nyuma ya Lavate na chakula changu mkononi, nikaona kioo cha kompyuta yake kimejaa rangi.

"Kaka Lavate," nikamwambia, "hii pampu mpya ndiyo inaitwa Ketaki?"

"Si pampu."

"Naona ina urefu, uzito na tarehe ya kutengenezwa."

"Tarehe ya kuzaliwa, Vrinda. Kaa ule."

Nikakaa, lakini macho sikuyakalisha. Akanieleza, kwa uchungu wa mtu aliyeingiliwa katika fani yake, kwamba Sulabha ana matoleo mengi ya binti mmoja na hakuna hata moja linalokubaliana na jingine.

"Katika moja ni mrefu kuliko katika lingine," akasema.

"Urefu wa kweli ni upi?"

"Ule mfupi. Ule mwingine alipimwa na viatu."

Basi alikuwa amefanya anachokijua. Faili moja, lebo nne. Jadi, ya kijani. Kisasa, ya bluu. Ng'ambo, ya machungwa. Na Ndani, ya kijivu. Sulabha akisema "watu hawa ni wa kisasa," yeye anachagua Kisasa, na karatasi inatoka safi, ukurasa mmoja, picha juu.

"Kwa hiyo unadanganya watu kwa rangi," nikasema.

"Sidanganyi. Kila msomaji anapata kinachomhusu."

"Hapa kwenye kijani panasema hajaonja samaki tangu azaliwe. Ni Ketaki huyu huyu anayemaliza kamba wote kwenye bakuli langu?"

"Hayo maneno ni ya Sulabha," akasema Lavate. "Mimi nimeweka lebo tu."

Chini kabisa niliona aya ndefu ya kijivu. Sikuisoma. Umbea ninao lakini una mipaka, na isitoshe alikwisha kulifunga dirisha.

Karatasi hizo zilizunguka mjini zikaleta watu, na watu wakala pohe za Sulabha, ule mchele bapa wa kukaanga, wakaenda zao. Ketaki alikubali kila ugeni bila ubishi. Alitoka na sinia, akaketi, akajibu maswali, akarudi kliniki. Kisha ikaja picha kutoka Satara. Hrishikesh Sabnis, mkemia katika kiwanda cha sukari, baba alikwisha kufariki, mama yake Malati mwalimu mkuu mstaafu. Kwenye picha amesimama nje ya nyumba, na mbwa wa mtaani amelala juu ya kiatu chake. Ketaki akaikuza picha kwenye simu, akamtazama mbwa kwanza.

"Huyu mbwa hajalazimishwa," akasema. Halafu akamwuliza mama yake kama wale watu wamekwisha kutumiwa karatasi. Hakuwahi kuuliza swali hilo hata mara moja, na Sulabha nusura aangushe kikaango.

Wiki ile nilimpeleka paka kliniki, na Ketaki akaniambia wazi wazi, huku amemshika paka shingoni.

"Shangazi, huyu nataka nimwone. Kweli kabisa. Wale wengine nilikuwa naenda kama anayetumikia kifungo."

"Kifungo cha nini tena?"

"Cha ule uchumba. Nilimwaibisha baba, na hajanisamehe."

"Amekwambia?"

"Baba akwambie kitu? Hajasema chochote mpaka leo. Ndiyo nimejua."

Nilitaka kubisha, lakini kwa ushahidi upi? Mimi mwenyewe sikujua Lavate ana maoni gani juu ya jambo lolote lisilo na skrubu. Nikamlipia paka nikaondoka, na nilihuzunika njia nzima.

Jumatano Sulabha akapiga simu ofisini. Sauti yake haihitaji simu, kwa hiyo sote tulisikia. Alikuwa amemwahidi mama Sabnis kwamba karatasi itafika siku ile, na kalenda ya ukutani inasema saa ya Rahu inaingia adhuhuri. Saa ya Rahu ni nuhusi tupu. Huanzi safari, husaini hati, na hata mchawi hutuma maelezo ya binti wa adui yake baada ya saa hiyo kupita.

"Tuma sasa hivi," akasema Sulabha. "Ikiingia Rahu, basi tena mpaka jioni, na watu wa Satara watasema tunaringa."

"Toleo gani?"

"La jadi. Mwalimu mkuu huyo."

"Mwalimu mkuu anaweza kuwa wa kisasa."

"Moreshwar, tazama saa yako."

Asubuhi ile Lavate alikuwa amefungua lebo zote ili akague maandishi, kama anavyofanya kwa pampu. Mtu ambaye hajawahi kutoa kitabu bila kukikagua kuanzia jalada hadi anwani ya kiwanda, siku hiyo alibonyeza toa, akabonyeza tuma, akampigia mkewe kwamba wamewahi, na kuiweka simu mezani. Haraka haraka haina baraka, tunasema, lakini nani wa kumwambia Rahu.

Kisha akaifungua ile karatasi aangalie kama picha imekaa vizuri. Nilimwona akisogeza chakula chake pembeni. Nikaenda nikasoma juu ya bega lake.

Ketaki alikuwa mrefu kwa kijani na mfupi kwa bluu. Hajaonja samaki tangu azaliwe, na papo hapo chini hupika samaki vizuri kuliko mama yake. Yuko tayari kuacha kazi baada ya ndoa. Hataacha kazi. Anapenda kukaa nyumba moja na wazazi wa mume. Anapendelea nyumba ndogo ya watu wawili. Asingependa kuhama Pune, na paspoti yake iko tayari kwa safari ya Amerika.

"Ifute, hujachelewa," nikamwambia.

Akanionyesha simu. Zile alama mbili zilikwisha kugeuka bluu.

Jioni likaja jibu la mama Sabnis. "Nimepokea. Nimesoma yote. Tutafika Jumapili." Sulabha akafurahi kupita kiasi, akampigia dada yake aliyeko Kolhapur kumwambia namna saa njema inavyofanya kazi. Lavate hakumwambia kitu, wala hakumwambia Ketaki. Mimi alinijia Ijumaa, akasimama mbele ya meza yangu kama mtu anayeomba likizo.

"Jumapili uje," akasema. "Huenda ikabidi kueleza habari ya lebo."

"Eleza mwenyewe, bingwa wa lebo ni wewe."

"Wewe watakuamini. Mimi ni upande wa bidhaa."

Nikaenda. Nyumba ilinukia vitunguu na majani ya mchuzi, pohe zikiwa jikoni tayari kwenye sinia. Hrishikesh aliketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, akitazama viatu vyake. Mama Sabnis alikuwa mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimebanwa nyuma, mkoba mapajani. Aliuliza habari ya safari yake mwenyewe, akaijibu mwenyewe, kisha akafungua mkoba akatoa karatasi.

"Nimeichapisha kwa rangi," akasema. "Naona mmetaabika sana na rangi."

Sulabha akainama aone. Alipoona kijani na bluu zimepangana aliketi bila kuangalia kama kiti kipo. Kwa bahati kilikuwepo. Akamgeukia mumewe, na jicho alilompa sitaki kulielezea, kwani ndoa yao bado inaendelea.

Lavate akanitazama mimi. Nikakohoa.

"Mama," nikasema, "kule kazini kwetu tuna utaratibu. Kitabu kinakuwa kimoja, halafu kila msomaji anapewa sehemu inayomhusu."

"Nimeelewa, binti yangu. Sasa mimi ninahusika na ipi?"

Nikamgeukia Lavate, mwenye lebo zake.

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," akaendelea mama Sabnis, akimwangalia Lavate. "Lakini wewe, bwana, umetoka ukaanika mpaka za ndani."

Ketaki akaingia na sinia wakati huo. Aliona nyuso zetu akaiweka mezani polepole. Mama Sabnis akapigapiga kochi kwa kiganja, pale karibu yake.

"Kaa hapa, mwanangu. Baba yako ameniletea wasichana watatu, na mimi mwana ninaye mmoja. Nisaidie kuchagua." Akampa karatasi, na juu ya karatasi kalamu nyekundu. "Palipo kweli weka alama ya vyema. Pasipo kweli piga mstari. Usiogope, sigawi alama."

Ketaki alisoma mistari ya mwanzo. Masikio yake yakawa mekundu. Hamu yote aliyokuwa nayo ya siku hii niliijua mimi, na nikaona inavyomtoka, na nilitamani kumpiga Lavate na sinia. Kisha Ketaki akaishika kalamu, akaanza kazi.

"Urefu, huu mfupi," akasema, akaweka vyema. "Samaki nakula. Hili la tangu azaliwe tunalifuta. Nani kaandika nimesomea nyimbo za ibada?"

"Ulisomea," akasema Sulabha kwa sauti ya chini. "Kwa bibi Gokhale."

"Mama, kwa bibi Gokhale nilikuwa namtibu mbwa."

Hrishikesh akacheka, akajizuia kwa kuchelewa. Ketaki hakumtazama, lakini mstari aliopiga ulinyooka zaidi. Akafika kwenye kazi.

"'Yuko tayari kuacha kazi baada ya ndoa,'" akasoma. Kalamu ikapita juu ya sentensi hiyo mara ya kwanza, ikarudi tena. "Hili si kweli, mama Sabnis. Halikuwa kweli hata mara ya kwanza. Nimewahi kuchumbiwa, na mimi ndiye niliyevunja. Kama mlikuwa hamjui, sasa mmejua."

Sulabha akafunika uso kwa ncha ya sari.

"Nilijua," akasema mama Sabnis. "Imo humo humo. Shuka chini, kuna ya kijivu."

"Mimi sikuisoma hiyo," akasema Hrishikesh haraka. "Mama aliikunja karatasi pale. Alisema haikuandikwa kwa ajili yetu."

"Na mimi nilijua hivyo nilipokwisha kufika mwisho," akasema mama yake. "Ningejua mapema nisingeisoma."

Ketaki akaikunjua ile sehemu ya chini. Nilikuwa nimeketi nyuma yake, na safari hii mipaka ya umbea wangu sikuiona ilipo. Iliandikwa hivi:

"Ndani. Uchumba wa kwanza umeachwa nje makusudi. Sababu: Sulabha anaona utawatisha watu. Aliyevunja ni Ketaki. Alikuwa na haki. Watu wale wangemmaliza. Mimi siku ile nilikasirika kwa ajili ya ukumbi na kadi, na hasira ilipokwisha nikaona aibu, nikanyamaza. Anadhani ninamwonea haya. Ninajivunia alivyosimama. Sijamwambia."

Alisoma mpaka mwisho. Akarudi juu akasoma tena. Nje muuza ndizi alipita akinadi, akaenda, sauti ikapotea, na Ketaki bado anasoma.

"Baba," akasema, "hii ni kweli?"

"Hiyo haikupaswa kutoka," akasema Lavate.

"Sikuuliza hilo."

Lavate alishika magoti yake kwa mikono yote miwili. Nimekaa jirani na mtu huyu miaka mingi, na sikuwahi kumwona akitafuta neno.

"Ni kweli," akasema. "Yote."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kuiandika."

Ketaki akaweka vyema kwenye aya ya kijivu. Aliikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akapuliza pua kwenye leso ya sinia. Kisha akamrudishia mama Sabnis kalamu yake.

"Karatasi nitabaki nayo," akasema.

"Baki nayo. Mimi jibu langu nimepata. Lililobaki ni la huyu kijana."

"Mimi nilijibu tangu kule njiani, mama," akasema Hrishikesh, bado anaviangalia viatu. "Tulipofika Khandala."

"Ninanuka mbwa kutwa," Ketaki akamwambia.

"Mimi ninanuka molasi."

"Basi nitakujibu tukishakula," akasema Ketaki, lakini alikuwa anacheka na machozi hayajakauka, na hapakuwa na mtu chumbani aliyehitaji kusubiri jibu hilo.

Akainuka kugawa pohe. Kwetu sahani ya kwanza ni ya mgeni, na mtoto wa miaka mitatu analijua hilo. Ketaki aliichukua ya kwanza, akapita mbele ya mama Sabnis, akapita mbele ya Hrishikesh, akaenda kuiweka mikononi mwa baba yake. Sulabha akafungua kinywa amkosoe. Mama Sabnis akamshika goti, akatikisa kichwa, nasi sote tukangoja mpaka Lavate alipoanza kula.